Barabara za milimani zisizo na magari: kwanza jiulize magari yameenda wapi

Mtu akianza kutafuta njia za baiskeli kwenye milima mirefu anaandika "barabara isiyo na magari", anachukua ya kwanza inayotokea, alafu siku ya safari anajikuta amebanwa ukingoni na basi la watalii, au amesimama mbele ya geti lenye alama asiyoielewa, au anasukuma baiskeli ya tairi nyembamba kwenye kokoto kilomita sita manake lami iliisha bila taarifa. Na siyo kwamba hakutafuta vizuri. Ni kwamba hayo maneno yamebeba vitu kama sita tofauti kabisa, kila kimoja na masharti yake, majira yake na hatari zake, sasa ukivichanganya vyote ukaviita jina moja itakula kwako tu.

Mimi huwa naanza na swali moja kabla sijaangalia hata urefu wa mlima: hapa magari yameondolewa na nini? Barabara ya lami mlimani ni kitu cha gharama kubwa mno, karibu zote hakuna aliyepasua mwamba na kujenga kuta za mawe ili wewe na mimi tupande na baiskeli tukaangalie mandhari (kuna moja ya tofauti, nitaitaja). Zilijengwa kwa ajili ya jeshi, biashara, mabwawa ya umeme, kuvuna mbao, kufika kwenye malisho. Kwa hiyo kama leo hazina magari basi kuna kitu kimeyafukuza au kimeyanyima sababu ya kuja, na ukishakijua hicho kitu umejua pia ni siku gani patakuwa kimya, utakutana na nani huko juu, na lami itakuwa katika hali gani.

Tuanze na handaki maana limefanya kazi kubwa kuliko sheria nyingi. Chukua Gotthard kule Uswisi. Miaka na miaka wengi waliotaka kwenda kusini kwa gari walipita juu kwenye pito, yaani ile sehemu barabara inapovuka mgongo wa mlima na kuingia bonde la pili, na pito lenyewe liko mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Mwaka 1980 likafunguliwa handaki la magari lenye urefu wa karibu kilomita 17, malori mengi yakaingia chini ya mlima. Juu zikabaki barabara mbili, moja pana ya kisasa na nyingine ya zamani inayoitwa Tremola, hii ni ya karne ya 19, imetandikwa vijiwe vilivyochongwa na ina kona 24 za kugeuka nyuma zimerundikana upande mmoja wa mlima, ukiziangalia kutoka juu ni kama kamba iliyomwagwa chini ovyo. Mwenye haraka yuko handakini, asiye na haraka sana yuko barabara pana, Tremola anabaki yule aliyeifuata Tremola yenyewe. Haijafungwa, gari linaruhusiwa kabisa, ila ni machache.

Sasa mtego wake ni huu: utulivu wa aina hii ni wa kuazima. Wikendi za likizo foleni ya handaki ikiwa ndefu, au handaki likifungwa kwa matengenezo, madereva wanapanda juu wote kwa mkupuo na siku yako imeharibika. Kwa hiyo barabara iliyonyamazishwa na handaki unaipangia siku za katikati ya wiki, na asubuhi ya safari unaangalia habari za hilo handaki kama unavyoangalia hali ya hewa. Na vile vijiwe vikilowa vinateleza kama sabuni, mvua ikinyesha pandia Tremola ushukie barabara nyingine.

Aina ya pili ni barabara isiyotokea upande wa pili. Hii ndo naipenda kuliko zote na ndo watu wanairuka kwenye ramani kwa sababu eti haiendi popote. Haswa! Barabara inayounganisha miji miwili itapata magari hata iwe mbovu vipi, lakini inayoishia kwenye ukuta wa bwawa inahitajiwa na wachache sana. Nchi zenye milima ya Alps kule Ulaya zilijenga mabwawa mengi ya umeme karne ya 20, na huwezi kujenga bwawa mita 2,000 juu bila njia ya kupandishia saruji na mitambo, sasa ujenzi ukaisha, malori yakashuka, lami ikabaki. Mfano mzuri ni Sanetsch, Uswisi hukohuko. Unaanzia bonde la mto Rhône karibu na mji wa Sion, unapanda mpaka zaidi ya mita 2,200, unavuka mgongo, unashuka kidogo hadi bwawani na barabara inaishia hapo. Mbele yako ni genge. Kijiji cha Gsteig kiko chini kabisa kule na kinachoshuka ni gari la nyaya na njia ya miguu tu. Kwa dereva huo ni mwisho wa safari, kwa hiyo hana sababu ya kuitumia kama njia ya mkato, lakini wewe baiskeli yako inaingia kwenye gari la nyaya na unaendelea upande wa pili. Barabara iliyokatika kwa gari lakini haijakatika kwa baiskeli, hiyo ukiipata ishike kwa mikono miwili.

Jeshi nalo limetuachia nyingi za namna hii, hasa mpakani mwa Ufaransa na Italia ambako kila kilima kilitakiwa kuwa na ngome. Col du Granon juu ya Briançon ni mojawapo, kilomita 11 hivi za lami hadi mita 2,400 na mwinuko wa wastani unaopita asilimia 9, alafu huko juu lami inakwisha. Mashindano ya Tour de France yamefika hapo mwaka 1986 na 2022, siku nyingine zote ni wewe na pumzi zako.

Aina ya tatu ndo watu huifikiria kwanza, barabara iliyofungwa na sheria moja kwa moja. Hizi ni chache kuliko unavyodhani na zinatofautiana sana. Japani, barabara ya mlima Norikura ilipigwa marufuku kwa magari binafsi mwaka 2003, ni barabara ya lami iliyo juu kuliko zote nchini humo, zaidi ya mita 2,700, na wanaoruhusiwa ni mabasi, teksi na baiskeli. Uswisi kuna Grosse Scheidegg, mita 1,962, kati ya Meiringen na Grindelwald, nako vilevile gari binafsi hapana, basi ndiyo. Hispania kuna Veleta, na hii naomba nikae nayo kidogo.

Veleta iko kwenye safu ya Sierra Nevada, juu ya mji wa Granada, kilele chake mita 3,396, na lami inakwenda mpaka karibu kabisa na kilele, hakuna barabara ya lami iliyo juu zaidi Ulaya. Ile sehemu ya juu, kuanzia kama mita 2,500, imefungwa kwa magari ya kawaida tangu eneo lilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1999. Chini ya hapo ni barabara pana ya kituo cha kuteleza kwenye theluji, magari yapo. Sasa watu wanasoma "barabara ya juu kuliko zote Ulaya na haina magari" wanafikiri watateleza juu kama kwenye mkeka. Hapana. Barabara isiyo na magari ni barabara isiyo na mpigakura, hakuna anayelalamika ikichimbika, barafu inaingia kwenye nyufa kila kipupwe, inatanuka, inapasua lami, mwaka baada ya mwaka, na pesa za kuziba hazipandi huko. Kwa hiyo juu ya kizuizi lami ya Veleta imechakaa, sehemu nyingine ni vipande na mawe. Hili ni la kukumbuka kila mahali: kadri magari yalivyoondoka siku nyingi, ndivyo lami ilivyo mbaya, tairi pana za milimita 28 au 32 zina maana kuliko baiskeli nyepesi.

Ile ya tofauti niliyosema ni Col de la Loze, Ufaransa, mita 2,304, kati ya Méribel na Courchevel. Hapa waliweka lami kwenye njia za huduma za kuteleza theluji na kuitenga kwa ajili ya baiskeli, Tour de France ikafika mara ya kwanza mwaka 2020. Na utajua haikuchorwa na injinia wa magari, manake mwinuko haueleweki, unapanda asilimia 7 umetulia mara ghafla zaidi ya 20 alafu unashuka alafu ukuta tena. Barabara ya kawaida ya pito la mlima inapanda kwa usawa kwa sababu ilihesabiwa kwa ajili ya farasi wanaovuta mizigo, kama barabara ya pito la Stelvio, leo iko Italia, iliyojengwa na himaya ya Austria kati ya 1820 na 1825 chini ya injinia Carlo Donegani, kona 48 upande wa kijiji cha Prato na bado haikushindi ghafla popote. Kwa hiyo aliyejenga anakwambia miguu yako itapata nini.

Hiyo Stelvio siku za kawaida za kiangazi ni balaa, pikipiki kila sekunde, lakini kuna siku moja kila mwaka, mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, inafungwa kwa magari yote na maelfu wanapanda kwa baiskeli mpaka mita 2,757. Hapo ndo tunaingia aina ya nne, iliyofungwa kwa saa au kwa siku. Pragel, Uswisi, inafunga sehemu ya upande wa mkoa wa Glarus kila Jumamosi na Jumapili. Nivolet, Italia, ndani ya hifadhi ya Gran Paradiso, mita 2,612, kilomita zake za mwisho kuanzia bwawa la Serrù zinafungwa kwa magari Jumapili za kiangazi. Na mikoa ya Alps ya Ufaransa kila Julai na Agosti inatoa ratiba ya mapito yatakayofungwa kwa magari, kwa kawaida ni asubuhi, saa tatu mpaka saa sita hivi, pito moja leo jingine kesho. Umeona kitu? Pragel wikendi ndo raha, Gotthard wikendi ndo balaa. Mtu akikwambia "wikendi usiende milimani" au "nenda wikendi" bila kukwambia barabara gani, hajakusaidia.

Ila hizi za saa tatu mpaka saa sita zina jambo moja. Saa sita ikigonga magari yaliyokuwa yanasubiri chini yanaachiwa kwa pamoja, sasa kama wewe ndo kwanza uko nusu ya mpando umekwisha. Lengo liwe kufika kileleni na kushuka ndani ya muda, siyo kufika tu.

Theluji ni aina ya tano na ndo yenye utata kuliko zote. Mitambo inaanza kuondoa theluji masika, inachukua wiki nyingi, na katikati hapo kuna kipindi lami iko wazi lakini geti bado limefungwa kwa magari. Sehemu nyingine kipindi hicho ni cha baiskeli rasmi kabisa, mfano Marekani, barabara ya Going-to-the-Sun kwenye hifadhi ya Glacier, Montana, iliyofunguliwa mwaka 1933 na inayopita pito la Logan mita 2,026, kila masika waendesha baiskeli wanaruhusiwa kupita geti mpaka pale hifadhi ilipoweka kikomo cha siku hiyo, na kikomo kinahama kutegemea mafundi wanafanya kazi wapi na hatari ya maporomoko ya theluji iko wapi. Sehemu nyingi za Alps geti kufungwa maana yake limefungwa kwa kila mtu, na aliyefunga hakufunga kwa ajili ya kukukomoa, juu ya ile kona kuna theluji inayolegea kila jua likipanda. Hapa nasisitiza kwa moyo wote. Kupita geti la theluji kwa sababu "sioni theluji barabarani" ni kutoelewa kwamba theluji inayoua haiko barabarani, iko juu yako.

Ya sita ni njia za reli za zamani, hizi nazipitia haraka kwa sababu hazifiki juu sana. Treni haipandi mwinuko mkali, kwa hiyo njia iliyokuwa ya reli inakupa asilimia 2 au 3 tu, ukiwa na watoto au ukitaka kuvuka milima bila kupanda milima ndo yenyewe. Ile ya Alpe Adria kutoka Salzburg kwenda Grado inatumia reli ya zamani upande wa Italia, lami safi, mahandaki yana taa. Ya Dobbiaco kwenda Cortina, Italia hukohuko, reli yake ilifungwa miaka ya 1960, nzuri sana lakini sehemu kubwa ni kokoto. Na Rallarvegen ya Norwei, njia iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli ya Bergen, inafika mita 1,343 na nayo ni kokoto tupu.

Sasa alama, na hapa ndo wengi wanakosea bila kujua. Ulaya alama za barabarani zinafuata mkataba wa Vienna wa mwaka 1968. Utakutana na mduara mweupe wenye duara jekundu pembeni, katikati hakuna kitu. Watu wanaona hiyo wanasema "magari marufuku, mimi niko na baiskeli, twende". Siyo hivyo, huo mduara mtupu unakataza vyombo vyote vya usafiri na baiskeli ni chombo. Mduara wenye picha ya pikipiki juu na gari chini ndo unakataza vyenye injini peke yake, hapo unapita bila wasiwasi. Na mara nyingi chini ya mduara kuna kibao kidogo cha mstatili chenye maandishi, hicho kibao ndo kila kitu. Kijerumani kikisema "ausgenommen Radfahrer" au kuna picha ya baiskeli na neno "gestattet", umeruhusiwa. Kifaransa "sauf riverains" maana yake isipokuwa wakazi, wewe siyo mkazi. Kiitaliano "eccetto autorizzati" ni wenye kibali. Austria ongeza jambo jingine, sheria yao ya misitu ya mwaka 1975 inaruhusu mtu kutembea msituni kwa miguu lakini baiskeli inahitaji ruhusa ya mwenye msitu, hata kama ni barabara pana ya lami ya malori ya mbao na programu ya simu imekuchorea mstari wa bluu juu yake. Programu haisomi vibao.

Na hakuna barabara ya mlimani isiyo na kitu kabisa. Grosse Scheidegg mabasi ya posta yanajaza barabara nzima, kabla ya kona isiyoonekana yanapiga honi ya sauti tatu, ukiisikia toka pembeni simama kabisa, usijaribu kupita pembeni ya basi upande wa genge. Kuna alama ya bluu yenye picha ya tarumbeta ya njano, inaonyesha barabara ya posta ya milimani, na hapo dereva wa basi akikuelekeza urudi nyuma au usogee unatii.

Kwenye malisho wafugaji wanavuta waya wa umeme kukatiza barabara. Unakuwa uzi mwembamba mweupe au wa chungwa usawa wa kiuno, ukiwa unatoka juani kuingia kivulini kwa kasi ya kilomita 50 huuoni mpaka uko mita kumi. Una mpini wa plastiki wenye ndoano, unashika mpini, unafungua, unapita, unaurudisha ulipokuwa. Usiuache wazi hata kama unaona ng'ombe wako mbali. Na kuna zile nondo zilizolazwa barabarani juu ya shimo ili ng'ombe wasivuke, zipite umenyooka kabisa, zikiwa na maji ukipinda kidogo tu umelala.

Mbwa je? Mbwa mwitu walirudi Ufaransa, walionekana tena hifadhi ya Mercantour mwaka 1992, na tangu hapo wafugaji wa kondoo wameongeza mbwa wakubwa weupe wa kulinda kundi. Mbwa huyo hana ugomvi na wewe, ana ugomvi na kitu kinachokuja mbio kuelekea kondoo wake, na wewe kwenye baiskeli ndo hicho kitu. Shuka. Weka baiskeli kati yako na yeye, tembea taratibu, ongea kwa sauti ya kawaida, zunguka kundi kama kuna nafasi. Barabara zenye magari mengi hawa huwaoni sana, ni kwenye hizi zetu tulivu ndo utawakuta.

Mwili nao uujue. Mita 2,500 kanieneo ya hewa ni karibu robo tatu tu ya ile ya pwani, kwa hiyo mwendo unaouweza chini huko juu utakukata pumzi, usiufuate. Na joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu kila mita 1,000, bondeni nyuzi 28, juu ya Stelvio unaweza kukuta 16 au pungufu na bado hujahesabu upepo wa kushuka nao kwa dakika arobaini ukiwa umelowa jasho. Jaketi na glavu nzima mfukoni, hata Julai, unavaa kileleni kabla ya kupoa, siyo ukishaanza kutetemeka, manake vidole vikishaganda havibani breki. Maji unajaza kijiji cha mwisho, juu ya mstari wa miti hamna duka. Namba ya dharura 112 inafanya kazi nchi zote nilizotaja za Ulaya ila mtandao kwenye mabonde ya bwawa unapotea, kwa hiyo mtu wa chini awe anajua umepita njia gani na unategemea kurudi saa ngapi.

Kwenye kushuka sheria ni moja, unabaki upande wako wa barabara hata kama umepanda masaa mawili hujaona gari hata moja. Fundi wa bwawa anapanda na pikapu yake saa ambayo hukuitegemea, naye pia anajua barabara haina magari kwa hiyo naye anakata kona.

Kitu cha mwisho ni ile sehemu kati ya mji na mahali utulivu unapoanzia, maana karibu kila barabara ya aina hii ina kilomita tano, kumi, wakati mwingine ishirini za barabara ya kawaida chini yake, na huko ndo magari yote yako. Kwa hiyo hesabu yako ianzie hapo, ondoka saa kumi na mbili alfajiri na taa za mbele na nyuma zikiwaka, malizana na hiyo sehemu kabla mabasi hayajaamka, na ukifika getini, hata kama mduara wa juu unaujua, simama usome kile kibao kidogo cha chini mpaka mwisho, saa na tarehe zake zote.